Mke Aliyebaki Unguja

Nilipousoma ule utenzi wa kale wa Wagiriki, wa mfalme aliyekwenda vitani akarudi kwake baada ya miaka ishirini, nilikuwa karani katika ofisi moja Khuwair ya Kusini, hapa Maskati. Niliusoma kwa Kiarabu, na jioni nikimsimulia mama kwa Kiswahili chetu huku akichagua mchele.

Nilipofika pale mume anaporudi, mama alisita.

"Na mkewe? Miaka yote hiyo alikuwa akisema nini?"

"Alikuwa akifuma kitambaa, mama, na usiku akikifumua, asije akaozwa mume mwingine."

"Hayo ya kitambaa nshayasikia. Nnauliza alikuwa akisema nini."

Baba alitangulia kuja Maskati, akamwacha mama Unguja na mimi tumboni. Mama alingoja miaka sita, na hata mimi sikuwahi kumuuliza alikuwa akisema nini.

Nikaanza kuandika utenzi wangu, msemaji akiwa mke aliyebaki Unguja. Nilipoumaliza niliupeleka kwenye kikundi chetu cha wasomaji. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu ambaye wazee wake nao walitoka Unguja, aliurudisha.

"Wengi duniani wamekiandika upya kisa hiki," alisema. "Lakini kwa lugha ya jikoni? Utie katika Kiarabu kwanza, ndipo utausoma hapa."

"Hao wengi wamekichukua kila mtu kwa lugha yake," nilimjibu. "Hawakuomba rukhsa. Kwa nini niiombe mimi?"

Akanifuta kwenye orodha ya wasomaji wa mwezi ule. Nikaenda Hamriya, kwenye duka la kuchapisha, nikatoa nakala hamsini, nikaalika wanawake nyumbani kwetu. Sebule ilijaa. Nilikuwa nikisoma pale mke anapotokwa na machozi, mama aliponikatiza.

"Hapo umekosea. Mimi sikulia. N'likuwa na khasira."

Nikachukua kalamu, nikalikata neno machozi, juu yake nikaandika khasira, nakala baada ya nakala, wageni wakinisaidia.

Kikundini sijaacha kwenda. Zamu yangu ikifika nasoma kwa Kiswahili, na asiyetaka kusikia mlango uko wazi.

Nakala moja mama aliichukua mwenyewe, akampelekea baba chumbani. Baba alikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu, tukila chakula cha mchana, alivua miwani akamtazama mama.

"Khasira hizo bado unazo?"

"Nnazo," mama alisema, akaendelea kula.