Mama na Taa Zake za Zenoni

Gari la Mama lilikuwa na taa zilizochoka. Hivyo ndivyo tulivyokubaliana kusema, na ukitaka amani katika nyumba yetu ya Kanyosha, unasema tulivyokubaliana. Vioo vya taa vilikuwa vimegeuka njano kama meno ya mvuta tumbaku, hilo ni kweli, na jioni mwanga wake uliishia karibu na bampa. Kwa hiyo Mama alipoligonga geti la kaka yangu kule Gihosha, geti jipya ambalo rangi yake ilikuwa bado inanukia, alishuka, akakitazama chuma kilichopinda, akasema taa ndizo zilizogonga.

Kaka yangu hakukubali. Ni mtu wa ofisi, anavaa miwani, na anapenda vikao. Aliitisha kikao palepale sebuleni kwake, Mama akiwa hata hajamaliza soda yake. Akasema, kwa ile sauti ya upole anayoitumia kwa watu anaotaka kuwanyang'anya kitu, kwamba umri ni umri, na pengine wakati umefika Mama amkabidhi ufunguo wa gari, naye atamtafutia dereva.

Sasa, Baba, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema katika mambo yote isipokuwa usukani. Miaka yote ya ndoa yao Mama alibebwa. Alibebwa kwenda sokoni na marobota yake ya vitenge, alibebwa kwenda kanisani, alibebwa kwenda kwa dada zake, na kila mara alimngoja Baba mpaka amalize shughuli zake ambazo hazikuwa na mwisho. Baba alipofariki, watu walikuja kuuliza bei ya gari kabla hata matanga hayajaisha. Mama aliwajibu kwamba haliuzwi, akajiandikisha shule ya udereva pamoja na vijana wa umri wa wajukuu zake, akafeli, akarudi, akafeli tena, akapata. Tangu hapo hakumngoja mtu. Kumnyang'anya ufunguo ilikuwa kumrudisha kwenye kubebwa, na sote tulilijua hilo, hata kaka yangu na upole wake.

Mama alimaliza soda kwanza.

"Mi naweka taa mupya," akasema. "Nikigonga kitu tena, hata kuku, ufunguo ni wako."

Kaka akanigeukia, akataka niwe shahidi. Nikasema nimesikia.

Tukaenda Buyenzi, kwa fundi mmoja mwenye mdomo mtamu kuliko mikono yake. Alifungua boneti, akasikitika kama daktari, akasema dawa ni moja tu, zenoni, zile taa kali za magari ya wakubwa. Akatutolea taa ndogo zilizofungwa kwenye povu kama mayai, na visanduku viwili vya kuzipandishia umeme, akamuuliza Mama anataka nyeupe au yenye rangi ya bluu kidogo. Mama akauliza wakubwa wanaweka ipi. Fundi akasema bluu. Mama akasema basi.

Kazi ilimchukua fundi asubuhi nzima. Visanduku alivifunga kando ya batri kwa ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli, nyaya akazipitisha pale zilipokubali kupita. Na lazima niseme haki yake: alijaribu kutuonya. Alieleza kwamba gari hili lilizaliwa kwa watu wanaoendesha upande wa kushoto, kwa hiyo taa zake huinua macho kidogo kuelekea kushoto, na kwetu kushoto ndiko wenzio wanakotokea. Tena kioo chake kilitengenezwa kwa balbu za zamani, kwa hiyo mwanga mkali namna hii hautakaa mahali pamoja, utasambaa.

"Usambae," Mama akasema. "Mi nimeomba mwanga, sikuomba masomo."

Akawasha. Taa zilitetemeka kwanza, zikawa zambarau, kisha zikatulia zikawa nyeupe kali, na ilikuwa mchana, lakini ukuta wa gereji ulibadilika rangi. Mzee mmoja aliyekuwa anakunywa chai karibu na ukuta ule aliinua mkono akakinga uso. Mama alipiga makofi.

Nieleze tunavyokaa ndani ya gari hilo. Usukani uko kulia, na sisi huku tunaendesha kulia, kwa hiyo dereva yuko upande wa mtaro na abiria ndiye anayepishana uso kwa uso na wanaokuja. Abiria ni mimi. Nina leseni tangu nilipokuwa chuoni, lakini Mama hakuwahi kuipa leseni hiyo kazi yoyote. Kwa hiyo kila jambo ambalo dereva wa upande wa pili anataka kumwambia Mama lazima lipitie dirishani kwangu kwanza.

Jioni ya kwanza tulitoka mjini giza likianza kushika. Kumbe mji wetu una mambo mengi ambayo taa za zamani zilikuwa zinayasitiri. Tulimkuta bwana mmoja wa heshima, na tai yake shingoni, amesimama akiutazama ukuta kwa haja yake ndogo. Aliganda hivyohivyo, akainua mkono mmoja kama mtu aliyekamatwa na polisi. Mama akampigia honi. Mbele kidogo tukawakuta wawili waliokuwa wanaagana kwa muda mrefu kando ya ua wa nyumba, na binti nikamtambua, anaimba kwaya kanisani kwetu. Mama akapunguza mwendo ili amtambue na yeye.

Kisha magari yakaanza kutupigia taa. La kwanza, la pili, kila lililotukuta lilikonyeza mara kadhaa.

"Umeona?" Mama akasema. "Wananisalimia."

Naye si mtu wa kukosa adabu, akawajibu. Alivuta kile kijiti cha taa kando ya usukani, taa ikagonga tak ndani ya kioo chake ikanyanyuka juu kabisa, na gari lililokuwa linakuja likayumba mpaka ukingoni. Dereva akatoa kichwa. "Zima hiyo jua yako, muchawi we!"

"Amesema nini?" Mama akauliza.

Ningeweza kumwambia. Lakini nilimtazama, nikaona ameketi wima, kilemba kimesimama, anacheka peke yake kama msichana aliyepewa lifti na mtu anayempenda. Sikuwa nimemwona hivyo tangu tumzike Baba. Nilifurahi.

"Anauliza umeziweka wapi," nikasema.

"Mwambie Buyenzi."

Nikatoa kichwa nikapaza sauti, "Buyenzi!" kwa gari ambalo lilikuwa limeshatoweka.

Tangu siku hiyo nikawa mkalimani. Dereva wa basi dogo alipotaja mambo ya bibi yangu mzaa mama ambayo siwezi kuyaandika hapa, nilimwambia Mama kwamba amesema ubarikiwe, na Mama akajibu amina. Mwenye pikipiki aliyelazimika kusimama kando na kufikicha macho nilisema anatupisha kwa heshima. Mama alianza kujipamba kabla ya kuendesha. Alipiga kilemba pasi, akajipulizia manukato, akasema mji huu hatimaye umerudisha adabu. Wiki moja mafuta yalipokosekana kabisa na gari likalala uani, aliwasha taa jioni ili azitazame tu zinavyopiga kwenye ndizi za jirani, mpaka batri ikafa.

Basi ikafika sherehe ya komunyo ya kwanza ya binti wa kaka yangu. Tulialikwa mchana. Mama alitafuta sababu moja baada ya nyingine ya kuchelewa, mara kiatu, mara zawadi haijafungwa vizuri, na mimi nikajua anachongoja. Anangoja giza. Alitaka aingie mbele ya wageni wote, taa zikiwa zinawaka, apite katikati ya lile geti bila kuligusa, na kaka yangu aone.

Tulipanda Gihosha polepole. Barabara ya kaka ni nyembamba na mtaro wake ni mrefu kwenda chini, lakini Mama aliendesha vizuri, sitamnyima hilo. Tulikuwa bado mbali kidogo na geti gari lingine lilipotokea kwa juu likiteremka. Likatupigia taa. Mama akafurahi, akajibu salamu. Tak.

Gari lile likasita, likajaribu kukata kona liingie getini, likaikosa nafasi kwa upande mmoja. Kishindo chake kiliwatoa wageni uani, wengine na sahani mkononi. Alikuwa kaka yangu. Alikuwa ametoka kuongeza kreti za vinywaji, na sasa kreti zilikuwa zimemwagika kiti cha nyuma, na geti lake, lile alilolinyoosha na kulipaka rangi upya, lilikuwa limelala juu ya boneti yake.

Alishuka akipapasa hewa. Miwani ilikuwa imekaa shavuni.

"Mama, umenipofusha," akasema.

"Mi iko huku," Mama akajibu kutoka dirishani, bila hata kuzima gari. "Angalia vizuri. Mi nimegonga nini?"

Wageni waliangalia. Kulikuwa na nafasi ya kupitisha lori kati ya bampa letu na janga lake. Mkuki kwa nguruwe mtamu: kaka yangu, aliyeitisha kikao kwa sababu ya geti lilelile, sasa alianza kueleza kwamba ajali ni ajali, mambo hutokea. Halafu akanigeukia. Akaniuliza, mbele ya watu, mimi ninayekaa upande ule, kama sisikii kila siku madereva wanavyosema juu ya taa hizo.

Nikasema watu wanatusalimia tu.

"Tena sana," Mama akaongeza.

Kicheko kilichofuata kilimshinda hata mke wa kaka yangu, ambaye ndiye angefuta soda kwenye viti. Kaka alisimama na lile sharti la kikao mkononi, hana pa kuliweka. Mama hakugonga kitu, hata kuku. Aliingia ndani kama mama wa bibi harusi, akala, akaongezewa, akambusu mjukuu wake mwenye gauni jeupe, na kila aliyempongeza alimwelekeza kwa fundi wa Buyenzi.

Tuliaga mapema. Tulipokuwa tunateremka, lori dogo lilitukuta kwenye kona, likafunga breki, likakwaruza ukingo. Dereva wake alitoa nusu ya mwili nje.

"Kipofu we! Utauwa watu!"

Nikafungua mdomo. "Anasema..."

"Amesema kipofu," Mama akasema.

Aliwasha kiashirio, akasogea kando mbele ya duka lililokuwa bado wazi, akasimama, akazima taa. Mwenye duka alitutazama akidhani tunataka kununua kitu.

"We unazani mi sisikii?" akasema. "Tangu siku ya kwanza nasikia yote. Hata yule wa basi, aliyemutukana mama yangu."

"Ukajibu amina."

"Ulikuwa unasema vizuri. Nilitaka kusikia utasema nini tena." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Masikio yangu iko muzima. Ni macho."

Nilimwambia kwamba taa mpya zinamulika mpaka ng'ambo ya ziwa. Akasema taa hazina kosa, wala zile za zamani hazikuwa na kosa. Geti la kaka yangu hakuliona kabisa. Kisha akaniambia alivyokuwa anaendesha usiku.

"Gari ikitokea mbele, mi naona shuka nyeupe tu. Sioni njia, sioni mutu. Nasikiliza we. Ukivuta pumzi, nakanyaga freni. Ukiachilia, naenda."

Nikazikumbuka zile safari alizofunga breki ghafla katikati ya barabara tupu, na mimi nilikuwa nimepiga miayo tu. Nikakumbuka jioni niliyokuwa na mafua. Kicheko kilinipanda na hofu ikapanda pamoja nacho, sikujua kipi kitangulie, na nikamkasirikia kweli kweli. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Angesema kwenye kile kikao, mambo yangekwisha siku ileile, bila fundi wala zenoni.

"Ningesema, kaka yako angechukua," akajibu.

Akachomoa ufunguo. Hakunipa mara moja, aliuzungusha kidoleni.

"Leo nimeshinda, ao sikushinda?"

"Umeshinda, Mama. Watu wote wameona."

"Basi." Akautia kiganjani mwangu, akavifunga vidole vyangu juu yake. "Mutu mwenye kushindwa, wanamunyang'anya. Mwenye kushinda, ni yeye anapeana."

Kisha akafungua mlango, akashuka, akazunguka mbele ya gari akipapasa boneti kwa mkono, hatua kwa hatua, na alipofika kwenye taa aliishika kidogo ajue amefika wapi. Nilitaka kulia. Lakini alikuwa ameshafungua mlango wangu, akaniambia nisogee upesi kwenye usukani, mwenye duka anatutazama.