“Babu Amekula?”: Alhamisi za Mwalimu Tuovi

Saa moja asubuhi, Tuovi Heiskari anachomoa waya wa umeme uliolala usiku kucha kwenye injini ya gari lake, anauviringisha na kuutundika ukutani. Bila waya huo gari lisingewaka. Baridi ya Februari inagandisha mpaka kope, na taa za jirani ndiyo kwanza zinawashwa.

Nyuma ya gari kuna sanduku la plastiki, na hilo ndilo darasa lake. Ndani mna kompyuta, spika, kamera ndogo, ramani ya dunia iliyochakaa kwenye mikunjo, na soksi za sufu kwa ajili ya wageni wanaosahau kwamba shuleni viatu huachwa mlangoni.

“Leo siendi kufundisha,” anasema huku akikwangua barafu kwenye kioo. “Leo naenda kupigania kibarua changu.”

Tuovi ana miaka hamsini na saba. Anafundisha Kifaransa kwa kuzunguka shule tatu ndogo za Kainuu, kaskazini mashariki mwa Finland. Analipwa kwa vipindi, hivyo shule zikifungwa na mshahara nao unafungwa. Kiangazi chote huuza stroberi na njegere mbichi kwenye soko la mjini.

“Wenzangu wanaenda Uhispania kuota jua, mimi naenda kupima stroberi,” anasema na kucheka. Halafu anaacha kucheka. “Lakini nikipoteza kundi la Petäjävaara, hata stroberi hazitaniokoa. Vipindi vitakavyobaki havitoshi mtu kuishi.”

Kundi analolisema ni la watoto wa darasa la tatu katika shule ya kijiji cha Petäjävaara, ambao mwezi huu wanachagua kama wataanza lugha nyingine ya kigeni mwaka ujao, zaidi ya Kiingereza. Wakipatikana kumi na wawili, halmashauri inatoa vipindi. Wakipungua, hakuna Kifaransa, na watakaokuja baada yao hawatakikuta. Uchaguzi unafungwa kesho. Jana jioni Tuovi alipochungulia mtandaoni, walikuwa kumi na mmoja.

“Kumi na mmoja! Bora wangekuwa watatu, ningelala usingizi.”

Ukiuliza pale kijijini ni nani aliyekipiga vita Kifaransa, hutahitaji kuuliza mara mbili. Ni Mzee Taisto Korvola, mwenye miaka sabini na nane, aliyeendesha mitambo ya kukata miti mpaka alipostaafu, na ambaye anaishi na binti yake Henna na wajukuu wawili wa kike. Mjukuu mkubwa, Vilja, yuko darasa la sita na anasoma Kifaransa kwa sababu ya ubishi aliourithi kwa babu huyo huyo. Mdogo, Impi, yuko darasa la tatu. Kwa Impi mzee alikaza: Kiingereza kinatosha.

Mwaka jana alimkuta Tuovi dukani, mbele ya friji la maziwa.

“Simu yangu inajua lugha mia moja,” alimwambia. “We mwenzangu unajua ngapi?”

“Nne, Mzee.”

“Basi simu imekupiga bao.”

Watu wa foleni walicheka. Kwa Petäjävaara, ambako watu husimama foleni kama wako kanisani, huo ulikuwa mkutano wa hadhara. Tuovi alirudi nyumbani bila maziwa.

Silaha aliyonayo mwalimu huyu ni Alhamisi. Saa sita mchana, baada ya supu ya njegere na chapati ya maji ya oveni, darasa la sita huwasha kompyuta na kuzungumza na watoto wa rika lao walioko Thiès, nchini Senegali. Huko ni saa nne asubuhi. Mwalimu wa upande ule ni Ndiaga Sarr, kijana mrefu mwenye sauti ya kuamsha mtaa, ambaye Tuovi alifahamiana naye kwenye kozi ya walimu ya mtandaoni.

Mara ya kwanza, Oktoba iliyopita, mambo yaliharibika ndani ya dakika moja.

Watoto wa Thiès walianza kama wanavyoanza siku zote. Hamjambo? Nyumbani hawajambo? Baba hajambo? Mama je? Mmeamkaje? Baridi inawafanyaje? Walikuwa wengi, wanauliza kwa pamoja, huku wakicheka na kupunga mikono.

Huku Petäjävaara palikuwa kimya. Watoto walikaa wima na soksi zao, wakiitazama skrini.

“Ticha, tumjibu nani?” alinong’ona mmoja.

“Mtandao umekatika?” aliuliza Mwalimu Sarr. “Mbona wameganda?”

Hawakuwa wameganda. Walikuwa wakifikiri. Tuovi anaeleza kwa nini: “Kwetu mtu akikuuliza habari za nyumbani, ujue anataka kuzijua. Asiyetaka hakuulizi kabisa. Kwa hiyo kila mtoto alikuwa amekaa pale anapima, nyumbani kweli hawajambo?”

Ndipo Vilja akanyoosha mkono, akasubiri kuruhusiwa, akainuka, akasogea mpaka mbele ya kamera. Kwa Kifaransa chake cha miaka miwili na kitu, alisema yafuatayo. Nyumbani si kuzuri. Babu ameanguka kwenye ngazi za sauna, amevunjika nyonga. Yuko hospitali na hataki kula. Mama analia bafuni, anadhani sisikii. Asante. Kisha akarudi kukaa.

Thiès nzima ikanyamaza.

“Nilitamani sakafu inimeze,” anasema Tuovi. “Nilikuwa nimewafundisha kuagiza chakula, kununua tiketi ya treni, kutaja rangi zote. Salamu niliwapa neno moja moja tu, kama mtu anayepita. Sikuwaambia kwamba wenzetu huwa wanasema salama kwanza, hata kama nyumba inaungua.”

Usiku ule alimwandikia Mwalimu Sarr kuomba radhi. Alijibiwa asubuhi kwamba hakuna kilichoharibika, ila watoto wake wamekataa kusoma hesabu mpaka wajue mzee huyo anahudumiwa na nani.

Alhamisi iliyofuata, kabla hata picha haijatulia, msichana mmoja wa mstari wa mbele, Coumba, mwenye mwanya na sauti nyembamba, alipaza: “Vilja! Babu amekula?”

Na nyuma yake darasa zima: “Babu amekula?”

Kipindi kilikuwa kimerekodiwa, na Vilja aliomba sauti hiyo iwekwe kwenye simu yake. Jioni akaenda nayo wodini. Mama yake, Henna, anayefanya kazi kwenye duka la dawa, alikuwepo na anayakumbuka maongezi yale neno kwa neno.

“Makelele gani hayo?” aliuliza mzee.

“Watoto wa Senegali. Wanauliza kama umekula.”

“Wote hao?”

“Wote.”

Mzee aliusikiliza ule mkorogano mara mbili. Sahani ya viazi ilikuwa pembeni, imepoa. “Wameambiwa na nani mambo yangu?”

“Na mimi. Waliuliza.”

“Hee.” Akavuta sahani. “Basi waambie nimekula. Sitaki mtoto wa watu adanganywe.”

Tangu hapo hakuna Alhamisi iliyopita bila swali hilo, hata baada ya mzee kurudi nyumbani na kigari chake cha kutembelea. Kifaransa cha darasa kilikwenda mbio, maana sasa kulikuwa na jambo la kusema. Watoto wa Thiès walitaka kujua jua la huko linakwenda wapi Desemba na kama linarudi lenyewe. Kijana mmoja wa Petäjävaara aliuliza kama wenzake wanaogopa simba njiani.

“Simba wa wapi, bwana? Tuko mjini,” alijibiwa. “Kwani nyie mnakuja shule na dubu?”

“Dubu wamelala mpaka Aprili.”

“Wamelala! Na nyie mbona hamlali?”



Pamoja na yote hayo, Mzee Taisto hakubadili msimamo kuhusu Impi. Watoto wa Thiès aliwapenda, tena waziwazi. Lugha aliiona kazi bure. “Vilja ananitafsiria,” alisema. “Akikua, simu itatafsiri. Mtoto mdogo asibebeshwe mzigo.” Na Henna, ambaye baba yake ndiye aliyemlelea watoto alipoachwa peke yake, hakutaka kumvunjia neno mezani kwake.

Ndiyo maana leo Tuovi amewaalika wazazi wa darasa la tatu kuja kula supu na watoto, kisha wabaki kuona Alhamisi inavyokuwa. Wamekuja saba. Viatu vimepangwa mlangoni. Mzee Taisto naye kaja na kigari chake, soksi za kijivu mpaka magotini, na anasema kafuata chapati.

“Usinitazame hivyo, ticha,” anamwambia Tuovi. “Nakula tu.”

“Kula Mzee, jamu hiyo hapo.”

Saa sita inafika. Darasa la sita wako mbele, wadogo na wazazi nyuma, hakuna anayekohoa. Picha inatokea, na kelele za Thiès zinajaa chumba. Hamjambo? Nyumbani hawajambo? Watoto wa Petäjävaara sasa wamejua. “Hatujambo! Salama! Baridi tumeizoea!” wanajibu, wengine bila kunyoosha mkono. Wazazi wanatazamana.

“Babu amekula?” wanauliza Thiès.

“Yupo hapa!” anasema Vilja, na kuigeuza kamera. Nyonga ya mzee huyu inamuuma tangu asubuhi, Henna alishasema. Lakini anainua kijiko juu ili wakione. Kule wanapiga makofi.

“Na nyie je?” anauliza Vilja. “Nyumbani hawajambo?”

“Salama! Salama tupu!” wanaitikia, isipokuwa mmoja. Coumba hajaitikia. Ananyoosha mkono, jambo ambalo watoto wa Thiès hawana desturi nalo kwenye salamu. Anasubiri. Mwalimu Sarr anashangaa, anamruhusu. Coumba anasogea mpaka mbele ya kamera, kama alivyosogea Vilja mwezi ule wa Oktoba.

Nyumbani si kuzuri, anasema. Bibi anaumwa. Hainuki tangu Jumapili. Mama anasema ni mafua, lakini najua si mafua. Asante.

Vilja anawatafsiria walio nyuma. Akimaliza, kimya kinarudi, kile cha Petäjävaara chenyewe. Tuovi amesimama pembeni, mkono umemfunika mdomo. Haendi kuwasaidia.

Kigari kinalia kwenye sakafu. Mzee Taisto amesimama. Vilja anamsogelea ili amtafsirie, na simu yenye lugha mia iko mfukoni mwa shati la mzee. Haombi tafsiri ya Vilja wala ya simu. Anageuka kwa mjukuu mdogo.

“Bibi kwa Kifaransa wanamwitaje?”

Impi, ambaye hajasoma Kifaransa hata siku moja ila amekaa na dada yake, anamnong’oneza sikioni.

Mzee anainama mbele ya kamera mpaka uso wake unajaa skrini ya Thiès. Maneno ya Kifaransa anayoyajua ni yale tu aliyoulizwa kila wiki tangu hospitali. Anayatamka taratibu, kwa lafudhi ya msituni, akiwa ameondoa babu na kuweka bibi.

“Bibi amekula?”

Coumba anafuta pua kwa mkono. “Kidogo,” anasema. “Uji kidogo.”

Mzee haelewi jibu, lakini anatikisa kichwa, anatikisa tena, na macho yake yamelowa mbele ya kijiji kizima bila yeye kujali. Nyuma yake darasa la sita wameshaanza kuuliza wote kwa pamoja, nani anamhudumia, dawa anazo, analala wapi, na Mwalimu Sarr anawasihi wapunguze kelele.

Kipindi kilipokwisha, mzee alikuwa akihangaika na viatu mlangoni. Henna aliinama kumfungia kamba.

“Vilja anamaliza hapa mwezi wa tano,” mzee alisema.

“Najua, baba.”

“Sasa mwakani yule mtoto wa Senegali atajibiwa na nani? Na simu? Mwandikishe Impi.”

“Baba, si ulisema...”

“Nilisema mengi. Mwandikishe kabla sijapoa.”

Henna alitoa simu yake pale pale, amepiga goti, kamba moja ikiwa bado haijafungwa. Impi alikuwa wa kumi na mbili. Jioni ile ile, wazazi wengine wawili waliokuwepo nao walibadilisha uamuzi, wakaandikisha watoto wao.

Tuovi hakupiga kelele za furaha. Alikwenda chooni, akaosha uso, akarudi kukunja ramani. Hana uhakika wa miaka itakayofuata, na ataendelea kuuza stroberi. Ila mpango anao. Darasa jipya halitaanza na rangi wala tiketi za treni. Mwezi wa kwanza wote utakuwa wa salamu, za kwao na za wenzao, zile za kusema salama na zile za kusema kweli, na mzee mmoja wa nyonga ameomba awe anakaa nyuma.

“Kama hataleta fujo,” anasema mwalimu.

Kabla ya kuzima taa anaandika ubaoni somo la Alhamisi ijayo ili watoto wasilisahau. Anaandika maneno matatu, anaufunga mlango, na kwenda kuchomoa waya wa gari. Ubaoni panasomeka: Bibi wa Coumba.