Pikapu Iliyokataa Kufika Myanga

Mimi huuza spea mjini Kitale, na kwa miaka kumi na minne kibanda changu kilipakana na gereji ya marehemu Mukhwana. Nalisema hili mapema ili usidhani naleta ya kusimuliwa. Mapepo siyaamini. Mtu akiniambia gari lake lina jini, namwuliza mara ya mwisho alibadilisha oili lini. Lakini kuna siku moja ambayo sipendi kuikumbuka nikiwa peke yangu dukani.

Jepkorir alikuja kwa Mukhwana akiwa na miaka kumi na saba. Baba yake, mkulima wa Saboti, alishindwa na karo, msichana akaacha shule kidato cha pili. Siku ya kwanza gerejini alitoa sketi yake ya shule kwenye mfuko, ile yenye marinda, rangi ya damu ya mzee, akairarua vipande vipande mbele yetu. Akasema hivyo ndivyo vitambaa vyake vya kufutia grisi. Mukhwana alicheka mpaka akakohoa, na tangu hapo akamlea kama bintiye.

Alimfundisha kusikiliza. Mzee hakuwa na kompyuta ya kupima magari; alikuwa na bisibisi ndefu. Unaweka ncha kwenye chuma, mpini unauweka sikioni, injini inakwambia yenyewe inaumwa wapi. Tena alikuwa na desturi yake. Gari ambalo kazi yake haijaisha, alifunga fundo kwenye kitambaa na kukining'iniza kwenye usukani. Ukiona fundo, usiguse. Lilifunguliwa na aliyemaliza kazi, si mwingine.

Sasa pikapu yake mwenyewe, kuukuu, ya dizeli, ilikuwa na ugonjwa mmoja. Inakwenda vizuri, kisha katikati ya safari inakata pumzi na kuzima. Ukiiacha nusu saa, inawaka kama haikufanya kitu. Jepkorir aliihangaikia miaka mitatu. Alibadilisha pampu, injekta, na mipira yote ya mafuta. Najua kwa sababu vyote vilitoka kwangu.

"Umeangalia kote?" Mukhwana angemwuliza.

"Kote, Mzee. Imebaki tu tangi, na hiyo si niliosha mwenyewe wakati tuliichomelea?"

"Basi sikiliza tena."

Siku moja alimjibu hivyo mbele ya wateja, akaongeza, "Wewe bado." Jepkorir alitupa spana chini, akavuka barabara, akafungua gereji yake. Miaka miwili hawakusalimiana, kila mtu na kiburi chake, na mimi katikati nikiwauzia wote wawili. Nilipaswa kuwapatanisha. Sikufanya hivyo, na linaniuma mpaka leo.

Mukhwana alikufa mwezi wa Agosti, moyo ulisimama tu. Mjane wake, Mama Nasike, akavuka barabara akamkuta Jepkorir chini ya lori.

"Alisema apelekwe kwao Myanga na pikapu yake, na dereva ukuwe wewe," akamwambia. "Na alisema mtu mwingine asifungue hiyo gari."

Jepkorir alilia hapo hapo chini ya lori. Baadaye aliniambia anataka jambo moja tu: kumfikisha mwalimu wake kwao kwa mikono yake. Msamaha hakuwahi kumwomba, basi angalau amfanyie safari hii.

Tuliondoka asubuhi. Mbele tulikuwa Jepkorir, Mama Nasike na mimi. Nyuma, pamoja na jeneza, walikaa wazee wa ukoo na Wakhungu, kaka mkubwa wa marehemu. Tulipopita Kiminini gari likazima. Wakhungu akashuka, akapiga ubavu wa pikapu kwa kiganja.

"Mukhwana, ndugu yangu, ni sisi. Tunakupeleka nyumbani kwa mama. Tuachilie njia."

Huku kwetu hakuna anayeshangaa. Maiti akigoma njiani, watu huzungumza naye. Walizungumza naye, na gari likawaka. Karibu na Kamukuywa likazima tena, wakambembeleza tena, likawaka tena. Nilitazama saa yangu: nusu saa, kama kawaida yake.

Mara ya tatu tulikuwa tumeshapita Bungoma, Myanga ni pale tu. Mahindi yalisimama pande zote mbili, marefu na makavu, na hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Nusu saa ikapita. Saa nzima ikapita. Wakhungu alisema mpaka sauti ikakauka, gari kimya. Akatugeukia.

"Kuna mtu hapa ako na neno na marehemu. Aseme. Asiposema, tunahamisha jeneza kwa gari ingine, na hii ibaki hapa na yeye."

Hakutaja jina. Hakuna aliyehitaji kutajiwa.

"Gari haisikii maneno, Mzee," Jepkorir alisema, akafungua boneti. "Nisaidie tu kubonyeza hii pampu ya mkono, mafuta ipande."

Wakhungu akainama kwenye boneti, akabonyeza. Jepkorir akachukua ile bisibisi ya marehemu chini ya kiti, akaingia chini ya pikapu, akagusa tangi kwa ncha. Nilichuchumaa kumtazama. Uso wake ulibadilika.

"Wangui," akaniita polepole. "Kuja usikie."

Laiti ningekataa. Nililala karibu naye nikaweka mpini sikioni, na nikasikia mtu akipumua. Akivuta taratibu, akiishikilia pumzi, kisha akiiachilia. Akivuta tena. Juu yetu palikuwa na bati la pikapu, juu ya bati mbao, na ndani ya mbao Mukhwana, amelala chali kama sisi. Nilianza Baba Yetu, nikakwama kwenye mkate wetu wa kila siku.

"Mwambie aache kubonyeza," Jepkorir akasema.

Wakhungu akaacha. Pumzi ikakoma. Akabonyeza, ikarudi.

Jepkorir alifumba macho. "Si yeye. Kuna kitu ndani inavutwa kwa mdomo wa paipu." Akagusa tangi kwa kidole. "Na ni tangi niliosha mimi."

Nyani haoni kundule. Miaka mitatu alipima kila mahali isipokuwa pale mikono yake mwenyewe ilipopita.

Wazee walikataa katakata jeneza lishushwe barabarani, kwa hiyo alifanya kazi amelala chini yake. Akamwaga dizeli kwenye mtungi, akateremsha tangi juu ya tairi la akiba, akafungua kifuniko cha geji ya mafuta, akaingiza waya alioukunja ncha. Akavuta. Kikatoka kitambaa, kinadondosha mafuta, rangi ya damu ya mzee, marinda ya sketi bado yanaonekana. Siku ya kuchomelea alikuwa ameziba nacho mdomo wa tangi vumbi lisiingie, akakisahau.

Na katikati ya kitambaa palikuwa na fundo.

Hata mimi nililijua lile fundo. Mzee alikuwa ameshakiona kitambaa, akakitoa, akakifunga, akakirudisha. Miaka yote ile alikaa kando ya barabara nusu saa nusu saa, akimngoja mwanafunzi wake.

"Nilimwambia akwambie tu," Mama Nasike alisema, analia. "Akakataa. Alisema siku utafungua mwenyewe, atakuwa amemaliza kukufundisha."

Jepkorir hakutoka. Tulimsikia akisema na bati lililo juu yake, "Mzee, sasa nimeangalia kote. Nisamehe."

Akarudisha tangi na mafuta. Kisha akakaa kwenye matope ya dizeli kulifungua fundo. Lilikuwa limekaza, akatumia meno. Lilipofunguka akaniambia, "Washa."

"Hujatoa hewa," nikamwambia. Hilo hata muuza spea analijua: dizeli ikiingia hewa haiwaki.

"Washa tu."

Niligusa ufunguo. Ikawaka mara moja.

Tulimzika Mukhwana kabla jua halijatua. Pikapu mjane alimpa Jepkorir, na haijazima tena. Nimepanda nayo mara nyingi kwenda Bungoma kuchukua mzigo. Ila kila tukifika Kamukuywa yeye huegesha kando, huzima injini mwenyewe, na tunakaa nusu saa. Mara ya kwanza nilimwuliza tunangoja nini.

"Yeye alinisubiri," akasema.

Sijamwuliza tena. Nakaa naye, nami pia nasubiri, na sigeuki kutazama nyuma.