Jina la Mwisho Kwenye Mzani wa Milepa

Upepo unausukuma mlango wa bati na Rozina anauzuia kwa tofali, macho hayajatoka kwenye kompyuta. Amevaa koti zito na kujifunga kitenge juu yake. Ni asubuhi ya msimu wa mavuno mjini Sumbawanga. Wenzake wa chama cha ushirika bado wanaota moto nje, na yeye anajaza fomu ya wakulima ambao hawapo.

Anarundika majina ya kubuni, mengi kuliko ya siku yoyote ya kawaida, anatuma, kisha anafungua orodha ya yaliyopokelewa. La kwanza halimshughulishi. Anashuka moja kwa moja hadi la mwisho, ambalo kila siku ni lilelile: Masalu.

Limo. Sasa anaweza kunywa chai.

Rozina, mwenye miaka 29, ni binti wa wakulima wa ulezi wa Msanzi. Chama humlipa laki nne kwa mwezi kutunza mfumo wa mtandaoni unaosajili mazao ya wanachama. Mfumo umeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo PHP, juu ya kiunzi, yaani mifupa ya tovuti ambayo wengine walishaichonga na yeye akaitia nyama. Hata hivyo, siku zake nyingi huishia kwenye mipangilio ya lugha yenyewe: itumie toleo lipi, isubiri muda gani kabla ya kukata tamaa, ipokee visanduku vingapi vya kujazia katika fomu moja.

"Watu wakiona kitufe wanadhani kazi ndiyo hiyo," anasema. "Kazi iko kwenye faili ambalo hakuna anayeliulizia."

Msimu uliopita hata yeye hakuliulizia, na mtu mwingine ndiye aliyeumia.

Mtu huyo ni Eustace, karani wa mzani wa chama kule Milepa, bondeni. Mtandao wa huko ni wa kubahatisha. Kwa hiyo Eustace hupima mizigo mchana kutwa, akiandika kila mkulima kwenye kishikwambi, na jua likipungua hupanda kilimani na kutuma wote kwa mpigo. Wanaoishi jirani na mzani hufika mapema kwa baiskeli na bodaboda. Wafugaji waliohamia kutoka Usukuma, ambao pia hulima, wanakaa mbali, huko mbugani, na mikokoteni yao ya ng'ombe hufika mwishoni.

Msimu ule, wafugaji hao wakaanza kukosa ujumbe wa simu unaothibitisha kwamba mzigo umepokelewa. Ghalani kulikuwa na magunia yasiyo na mwenyewe. Haikuchukua muda watu kuunganisha mambo: Eustace ni Mfipa, waliokosa wote ni Wasukuma, basi anaficha majina yao ili auze magunia yao kwa mlango wa nyuma. Chama kilimsimamisha kazi na kuitisha mkutano hukohuko Milepa.

Rozina alikwenda kama shahidi wa mfumo, akiwa na uhakika kwamba mfumo ni mzima. Masalu, mzee wa wafugaji, aliongea kwa hasira iliyokwisha kupoa, ambayo ndiyo mbaya zaidi. Kisha mkewe Hellena akasimama na kueleza kwamba siku za watu wachache mizigo yao huingia vizuri, ila siku za msongamano ndiyo hupotea. Mkutano mzima ukaguna. Ushahidi gani tena wautafute? Mwizi hupenda msongamano.

Rozina ndiye pekee aliyesikia kitu kingine. Alibeba kompyuta hadi kilimani, akaketi juu ya jiwe na kufungua faili la mipangilio.

Kabla ya msimu kuanza alikuwa amehamishia mfumo kwenye toleo jipya la lugha. Kila toleo huja na faili lake. Fundi aliyemtangulia alikuwa amepandisha kikomo cha visanduku katika faili la zamani, na Rozina hakukihamisha. Fomu ndefu ya siku ya msongamano ilipofika, lugha ilipokea hadi kikomo, ikaacha waliobaki, na haikumwonyesha Eustace kosa lolote.

Kurekebisha ilikuwa kazi ya mstari mmoja. Angeweza kuuandika na kushuka kimya. Mizigo ingeanza kuingia, na Eustace angebaki mwizi maisha yake yote. Anakiri kwamba wazo hilo lilimjia, na kwamba alikaa nalo pale juu ya jiwe kwa muda anaouonea aibu.

Aliposhuka aliomba mkutano urudi kukaa. Aliwaambia kosa ni lake. Wengi hawakuelewa habari ya visanduku, ila Masalu aliuliza swali moja.

"Kwa nini mashine itubague sisi?"

"Haikuwabagua, baba. Ikishiba inafunga mlango, na ninyi ndio mnaofika mwisho."

Mzee alimgeukia Eustace. "Basi huyu kijana arudi kwenye mzani," akasema. "Na wewe mwanangu, uwe unaangalia mwisho."

Chama kilimpa Rozina barua ya onyo. Eustace alirudi kazini, lakini hasemi kwamba yameisha. "Dada Rozina nimemsamehe," anasema. "Ila kuna watu walioacha kunisalimia, na hawajaanza tena."

Tangu hapo jina la Masalu halitoki mwisho wa fomu ya majaribio. Mzee amepata habari hiyo na ametuma salamu, akiuliza lini naye atawekwa wa kwanza.

Rozina anacheka, kisha anaacha kucheka. Anaandika upya fomu ili itume wakulima kwa mafungu madogo, na ikikwama iseme. Ikikamilika, hataijaribia Sumbawanga.

"Nitashuka Milepa siku ya msongamano," anasema. "Nitakaa na kaka Eustace pale mzanini, watu wanione. Siondoki mpaka mkokoteni wa mwisho ushushe na ujumbe uingie kwenye simu ya mwenyewe."