Ndia ya Bi Zena

Nilikuwa mkalimani wa daktari Mzungu aliyekuja Amu kuchunguza pumu. Mimi mtu wa Unguja, nikijigamba Kiamu nakijua chote. Tulipomuuliza Bi Zena anaumwa nini, alijibu, "Ndia imeziba, mwanangu." Nami, bingwa, nilijua ndia ni njia, nikatafsiri kwamba kichochoro chake hakipitiki. Daktari akafurahi: huenda uchafu wa kichochoro ndio unaoleta pumu! Akaandika, kisha akanituma nikakisafishe.

Asubuhi nilizoa mavi ya punda hadi mlangoni pake. Bi Zena akanitolea maji ya kunywa, akacheka mpaka pumzi zikamkatika, akajigusa kifua kilichokuwa kikilia kama filimbi.

"Ndia ni hii, mwanangu."

Nyuma yangu, daftari mkononi, daktari akauliza, "Amesema nini?"