Betri za Vyura

Nilipoajiriwa kuhesabu vyura niliamini kwamba baada ya mwaka mmoja hivi nitakuwa mtu maarufu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nimetoka jeshini, na nimepanga chumba katika nyumba ya Kiswahili pale Kariakoo, karibu kabisa na sokoni. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja upande wa Posta. Mkuu wetu alikuwa mama mmoja mtaalamu wa wanyama, mtu wa Kusini, mpole wa sauti na mkali wa mambo, na mimi nilikuwa msaidizi wake. Nilijiambia kwamba katika msitu wa Pugu lazima yupo chura ambaye hakuna binadamu aliyewahi kumwona, kwamba chura huyo ananisubiri mimi, na kwamba atapewa jina langu.

Siku ya kwanza mama yule alinieleza kazi yenyewe. Kila mwezi tungekwenda Pugu jua likizama, tufuate kijito kilekile, kutoka daraja lilelile hadi mwamba uleule, kwa mwendo uleule, tukimulika kwa tochi na kuhesabu vyura tuliowaona na tuliowasikia. Mwezi unaofuata tungefanya hivyohivyo. Nilimwuliza hadi lini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua litaendelea kuzama hadi lini, akasema yeye alianza kabla yangu na anatumaini mwingine ataendelea baada yangu. Nikauliza habari za vyura wapya. Akasema wapya hawamhusu, yeye anataka kujua hali za hawa wa zamani.

Vyura wengi wa msituni huwaoni, unawatambua kwa sauti. Yupo anayelia kama kijiko kinachogongwa kwenye sufuria tupu, na yupo anayelia kama mlango usiotiwa mafuta. Sasa mimi sikio langu ni bovu tangu utotoni. Katika kwaya ya kanisani kwetu Kilimanjaro mwalimu aliniomba niwe nafumbua mdomo tu bila kutoa sauti. Kwa hiyo nikaamua kujifunza kwa kuigiza. Kila asubuhi, nikipiga mswaki uani, nililia kama chura huyu, kisha kama yule, halafu nikajisahihisha.

Mama mwenye nyumba, mjane wa Kizaramo aliyekuwa ananiita mwanangu, alivumilia siku kadhaa. Kisha akaniita barazani, akanikaribisha chai, akaniuliza kwa upole kama kwetu kuna ugonjwa wa ukoo. Nikamwambia ni kazi ya serikali. Akasema pole.

Siku za kwenda msituni nilivaa kofia ya pama na mabuti ya mpira, nikapita katikati ya soko mchana wa jua kali, tena kwa njia ndefu, ili watu wengi zaidi waniulize ninakwenda wapi. Hakuna aliyeuliza. Muuza nazi mmoja tu alitaka kujua kama huko ninakotoka mvua imenyesha. Mtaani wakaanza kuniita Bwana Chura, na mimi kwa muda mrefu nilidhani ni jina la heshima.

Miaka hiyo ilikuwa miaka ya foleni. Ukikuta watu wamejipanga, unajipanga kwanza, kisha unamwuliza wa mbele yako kinauzwa nini. Ikawa sabuni, ikawa sukari, mwishoni zikapotea hata betri za tochi. Hilo lilimtia mkuu wetu wasiwasi kuliko sukari. Alikuwa amenifundisha mara nyingi kwamba mwanga wa tochi lazima uwe uleule kila mwezi. Ukimulika kwa betri zilizochoka utaona vyura wachache, urudi mjini useme vyura wamepungua, kumbe kilichopungua ni betri. Mgao wa ofisi ulikuwa umekwisha. Nikamwambia aniachie mimi, mimi ni mtu wa Kariakoo.

Pale sokoni kulikuwa na mfanyabiashara wa jumla, mtu wa kwetu, ambaye ukimwamkia kwa lugha ya nyumbani anakumbuka babu zako wote. Nilimwamkia hivyo. Alisema kwa sauti kubwa, ili na wa nje wasikie, kwamba betri hana na hajaziona tangu mwaka jana. Kisha akaninong'oneza nirudi wakati wa chakula cha mchana na kikapu. Niliporudi alinijazia kikapu betri, akazifunika kwa gazeti, na juu ya gazeti akatandika mchicha. Nikatoka kifua mbele.

Kitu ambacho sikukipigia hesabu ni kwamba juma lile ndipo msako wa walanguzi ulipopamba moto. Watu walikuwa wanatupa katoni za sabuni kwenye mitaro ili wasikutwe nazo. Nilikuwa nimeyaona hayo kwa macho yangu, lakini niliona yanawahusu walanguzi. Sikufikiri kwamba mtu akikukuta na shehena ya betri chini ya mchicha hawezi kujua kuwa wewe ni mwanasayansi.

Mgambo alinisimamisha kwenye kona. Aliuliza kikapuni kuna nini. Nikajibu mchicha, jibu ambalo kwa sehemu ya juu lilikuwa kweli tupu. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa na betri, akanitazama kwa masikitiko.

Kwenye ofisi ya kata nilimkuta katibu, mzee mtaratibu aliyefunga mkono wa miwani yake kwa uzi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akazipanga betri zote mezani kama askari wa gwaride. Ndipo akaniuliza ni za nini.

"Ni za kumulikia vyura, mzee," nikasema.

Mgambo alikohoa. Katibu hakucheka. Aliuliza kama vyura hao wanauzwa. Nikasema hawauzwi. Akauliza kama wanaliwa. Nikasema hawaliwi.

"Sasa, ndugu yangu, ukishawamulika unawafanya nini?"

"Nawahesabu."

"Halafu?"

"Halafu tunawaacha. Mwezi unaofuata tunarudi kuwahesabu tena."

Nilipojisikia nikisema hivyo, hata mimi niliona huyu kijana ni mlanguzi. Kwa hiyo nikaanza kutoa mhadhara. Nilieleza kwamba chura anapumua kwa ngozi, kwamba maji yakiharibika yeye ndiye wa kwanza kudhurika, kwamba anayewahesabu vyura anapima afya ya msitu. Nilieleza vizuri, kwa mikono na kwa mifano, na nilipomaliza katibu alimtuma mgambo akamwite mama mwenye nyumba wangu.

Mama alikuja na kanga zake mbili, akaketi, akaulizwa ananifahamu kama nani. Akasema mimi ni mpangaji wake na sina tabia mbaya. Akaulizwa kama ameniona nikiuza chochote.

"Huyu auze nini?" akasema. "Huyu kila asubuhi analia uani kama chura. Mimi nilishakwenda kumtazamishia kwa mganga, nikaambiwa hana shetani, ndivyo alivyo."

Habari za mganga ndiyo kwanza nilikuwa nazisikia. Katibu alinigeukia, akaniomba nilie kidogo. Nikasimama mbele ya meza ya katibu, mbele ya mgambo, mbele ya mama na watu waliokuwa wamejaa mlangoni, nikalia. Nililia kijiko na sufuria, nikalia mlango, nikalia na wengine ambao sikuwa na hakika nao. Nilifanya kwa moyo wangu wote, kwa sababu nilikuwa naogopa kulala mahabusu. Kisha katibu akasema mlanguzi hawezi kujifedhehesha kiasi hicho, ila serikali haiamini kwa masikio tu. Betri zitabaki ofisini mpaka siku ya kuhesabu, na siku hiyo yeye mwenyewe atakwenda kuona zinavyotumika.

Akaja kweli, na mgambo wake. Mkuu wetu alinipa mgongo ndani ya Landrova mpaka Pugu, na mimi nilijua sababu. Kwenye daraja alimpa katibu tochi, akamwambia atembee nyuma yake na asizungumze. Mzee akatii kama mwanafunzi.

Mimi nilitaka kuonyesha utaalamu. Nikatangulia, nikasikiliza, na mara nikasikia wazi kabisa yule wa mlango usiotiwa mafuta, tena karibu. Nikainua mkono, wote wakasimama. Nikanong'ona jina lake la kitaalamu. Tukangoja. Hakulia tena. Tulipoanza kutembea akalia, tuliposimama akanyamaza. Mkuu akageuza tochi polepole, akamulika chini. Zilikuwa buti mpya za mgambo.

Kwa aibu nilirudi nyuma hatua moja zaidi ya ilivyofaa, nikateleza, nikaingia kwenye kijito mpaka kifuani. Katibu alinimulika kwa betri zilezile. Kisha nikamsikia akimwuliza mkuu wetu kwa sauti ya chini, bila utani wowote, kama na huyu anahesabiwa. Huo ndio wakati pekee nilipomsikia mama yule akicheka msituni.

Betri tulirudishiwa. Katibu naye alirudi Kariakoo akiwa mtu mwingine. Alikuwa ameona chura mdogo wa kijani amelala juu ya jani, koo linapiga kama saa, na habari hiyo aliisimulia kila mahali. Baadaye kidogo akaniomba nizungumze katika mkutano wa hadhara wa kata juu ya vyura na maendeleo. Nilijiandaa kama mtu anayehutubia dunia. Siku yenyewe uwanja ulifurika, nikajawa na fahari, mpaka nilipogundua kwamba mtaani kulivuma habari kuwa itatangazwa sukari.

Nilizungumza hata hivyo, nimesimama juu ya meza. Waliponiruhusu kupokea maswali, yote yalikuwa ya sukari, isipokuwa moja. Mama mmoja muuza vitumbua alisimama, akauliza kwa dhati, "Wakiisha hao vyura, baba, wewe utafanya kazi gani?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikasema lililonijia, kwamba nitakwenda vilevile, nitapita kijito chote, na nitaandika sifuri.

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi, mama."

Alinitazama kwa huruma, akasema basi ni vizuri nioe mapema kabla hawajaisha. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Katibu akapanda kunisaidia, akatangaza kwamba sukari haijafika, na watu wakatawanyika kabla sijashuka mezani.

Jumatatu nilimsimulia mkuu wetu. Yeye hakujali vicheko, alitaka kujua tu nilimjibu nini mama yule. Nilipomwambia habari ya sifuri aliweka kalamu chini, akasema hilo ndilo jibu, na kwamba alikuwa ameanza kukata tamaa, akidhani sitalielewa kamwe. Nikavimba kichwa. Kisha akaniuliza kama nina mchumba. Nikasema sina. Akanitazama juu mpaka chini, na mabuti yangu ya mpira, akasema hapo itachukua muda, akaendelea na kazi yake.

Na ilichukua.