Nilipangiwa Kusubiri

Ninayeandika haya ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu huko katikati kuna mahali ambapo hata mimi nikipakumbuka nasahau kwamba nilitoka. Wewe unayesoma, kama uko mahali hapo sasa, shika hilo moja.

Jina langu ni Editha. Nilizaliwa Mpitimbi, nikaja Songea mjini kujifunza kushona, na kabla ugonjwa haujanizidi nilikuwa na fremu yangu Majengo, na wateja waliokubali kupanga foleni. Nilishona sare za kwaya, magauni ya kipaimara, sketi za shule. Asubuhi za mwezi wa saba, baridi inapouma vidole na watu wanapita wamevuta kofia mpaka kwenye nyusi, nilikuwa natandaza kitambaa juu ya meza ya kukatia, nakipapasa kwa kiganja mpaka kitulie. Kile kitambaa kilichotulia ndicho kitu pekee nilichoweza kukitawala.

Mwenyewe sikujiweza. Mteja akisema pindo limepanda kidogo, fundi mwingine angefumua akashona tena. Mimi nilisikia kwamba sifai kuishi. Ilianzia shingoni. Joto lilipanda nyuma ya masikio, taya zikakaza, vidole vikafa ganzi mpaka mkasi ukaanguka. Kisha ilitoka sauti ambayo sikuwa nimeituma. Nilitukana watu wazima. Nilichana vitambaa vya watu. Ikishapita nilitapika, nikalala sakafuni nikitetemeka kama mwenye malaria, na aibu ikaja kukaa juu ya uchovu. Ili kuizima ile aibu nilikuwa najiumiza mwili. Sitaeleza namna, kwa sababu najua mtu anayeumwa hutafuta nini katika maandishi kama haya. Niseme tu kwamba nilivaa mikono mirefu hata mwezi wa kumi na moja, watu wanapojipepea.

Nilipimwa malaria, taifodi, presha. Daktari akasema, "Damu yako nzuri. Punguza mawazo." Kana kwamba mawazo ni chumvi. Wanajumuiya wa kanisani walikuja kuniombea, nikatulia kidogo, ikarudi. Baba wa mtoto wangu alikwenda Tunduru msimu wa korosho, na msimu ulipokwisha hakurudi.

Mtoto wangu anaitwa Leti. Wakati huo alikuwa na miaka minne, mtulivu kiasi cha kunipa sifa mtaani. Jirani yangu wa fremu ya pili, Mama Zuhura, muuza korosho, alikuwa akisema, "Wallahi Editha, huyu umemzaa au umemshona? Mtoto haguswi na vumbi, halii, haombi. Huyu wangu shetani mtupu." Nami nilitabasamu. Sikujua kwamba nilikuwa nasifiwa kwa jeraha.

Aliyeona ni mama yangu. Alikuja kutoka Mpitimbi na kikapu cha maharage siku ambayo mteja alikuwa amelikataa gauni mbele ya wenzake. Mteja alishakimbia. Mimi nilikuwa chini, matapishi kwenye kanga. Leti alikuwa chini ya meza ya kukatia, magoti kifuani, sketi imelowa mkojo, na kiganja chake kimoja amejiziba nacho mdomo. Alikuwa analia, lakini anakizuia kilio kwa mkono ili kisinifikie.

"Shikamoo, mama," nilisema kutoka sakafuni.

Hakuitikia. Alipiga magoti akamtoa mtoto. "Huyu nakwenda naye."

"Mama, ni mwanangu."

"Ndiyo. Na wewe ni wangu. Wewe umenishinda, niache nimnusuru huyu. Ukipona, njoo umchukue."

"Nitaponaje?"

Mama alinitazama, na mpaka leo ule uso siwezi kuusimulia vizuri. "Mwanangu," akasema, "ningejua, si ningekuwa nimekuponya zamani?" Halafu akaanza kumbembeleza mtoto kwa Kingoni, lugha anayoishika anapoogopa, wakaondoka. Leti hakugeuka nyuma. Alikuwa amefundishwa na mimi kutogeuka.

Mama Zuhura ndiye aliyeniambia kuwa kwenye kituo cha afya kuna manesi wanaofundishwa tiba mpya. "Siyo ya vidonge," alisema. "Mnakaa mnaongea. Nenda, mdomo si unao!"

Nesi aliyenipokea aliitwa Skola, msichana wa umri wangu, sweta juu ya gauni jeupe, na tabia ya kucheka mahali pasipostahili. Alinieleza kwamba wanajifunza namna ya kuwasaidia watu ambao hisia zinawazidi nguvu, na kwamba wataalamu wanaowafundisha wanafanya pia utafiti, waone kama tiba hiyo inafaa kwa watu wa huku. Kisha akaniuliza maswali. Je, hasira yako inachelewa kupoa? Je, huwa unahisi mtupu ndani, kama debe? Je, mtu unayempenda akichelewa kupokea simu, unaona tayari amekuacha?

"Umenijulia wapi?" nilimuuliza.

"Sikujui, dada. Mko wengi."

Nililia. Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniambia kwamba tuko wengi.

Ndipo aliponieleza kuhusu makundi. Watu wote wenye hali yetu waliokubali kushiriki wangegawanywa. Wengine wangeanza tiba mara moja, wengine wangeendelea na kliniki ya kawaida mpaka wa kwanza wamalize, halafu waanze wao. Anayegawa ni kompyuta. Nilikubali bila kusikiliza vizuri. Nilidhani aliyeumia zaidi ataanza.

Jibu lilikuja kwa simu, nikiwa nakata sare.

"Dada Editha, umepangiwa kusubiri."

"Nesi, iambie hiyo kompyuta kwamba nina mtoto."

"Haisikii, dada. Hata mimi siruhusiwi kuigusa."

"Lakini si umesema tiba inafaa?"

"Hatujui kama inafaa. Ndiyo maana tunapima."

"Na mimi ndiye wa kupimia?"

Nilitegemea anidanganye, kama watu wenye huruma wanavyofanya. "Ndiyo," alisema. "Pamoja na wewe."

Kusubiri kule sijui nikulinganishe na nini. Dawa ya kuponya imeshafika mjini, iko kwenye chumba ambacho naweza kukiona nikiwa barabarani, na watu wanaingia wanatoka. Kliniki walinipa vidonge. Vilinilaza, havikunifundisha. Nikiamka nilikuwa mimi yuleyule, isipokuwa ulimi mkavu. Wateja walipungua. Nilishona polepole, nikishika kitambaa kana kwamba ndicho kilichonishika.

Nilikwenda Mpitimbi kumwona Leti. Alitoka nje akasimama nyuma ya kanga ya bibi yake, akaniamkia vizuri sana. "Shikamoo, mama." Kama anavyomwamkia mwalimu. Nilimletea gauni la njano nililomshonea. Alilipokea kwa mikono miwili, akasema asante, akarudi nyuma hatua ileile aliyosogea. Joto likaanza kunipanda masikioni. Niliinuka nikatembea haraka mpaka ukingoni mwa shamba la mahindi ili asinione. Mama alinifuata.

"Umekuja kumwona mtoto au kukimbia mahindini?"

"Naogopa nitapiga kelele, mama."

"Basi piga hapa. Mahindi hayana masikio."

Sikupiga. Nilishika mabua nikatetemeka, na mama akashika mgongo wangu, wote wawili hatujui la kufanya. Nilipanda gari kurudi bila kumuaga mtoto.

Baada ya safari hiyo nilitamani nisiwepo. Siku moja asubuhi nilimpigia Skola nikamwambia hivyo kwa maneno hayo, sitaki kuendelea kuishi. Alikuja kwa bodaboda. Aliuliza kama nina mpango wa kujiua, akanyoosha mkono nimpe vile vitu vya kujiumizia, nikampa. Alimpigia daktari mbele yangu. Kisha, kwa kuwa mafunzo yale hakuruhusiwa kunifundisha kabla ya zamu yangu, alikaa tu. Alikaa kwenye stuli ya wateja, akala korosho za Mama Zuhura, akasimulia visa vya mchumba wake anayeogopa kuku, mpaka ile hali ikalegea na daktari akawa tayari kuniona. Hakuna jambo la kitaalamu alilofanya pale. Sijui hata kama wale watafiti waliwahi kuambiwa kuhusu korosho.

Zamu yangu ilifika. Kikao cha kwanza kilikuwa cha ovyo. Skola aliweka simu mezani irekodi, maana walimu wake walipaswa kumsikiliza na kumsahihisha. Aliuliza, nikajibu kwa mkato. Akasema, "Naelewa." Nikalipuka.

"Unaelewa nini? Una mtoto wewe? Umewahi kumwona mwanao anakuogopa?"

Akafunua karatasi zake, akafunua tena. "Ngoja kidogo, dada. Hapa kuna kitu nilitakiwa kusema, kimenitoka."

Nikacheka. Sikumbuki ilikuwa imepita muda gani tangu nicheke.

"Na walimu wako wamesikia," nikamwambia.

"Wasikie! Leo nimefeli."

Kuanzia hapo tulifanya kazi. Skola alinifundisha mambo mawili ambayo nilidhani hayawezi kulala nyumba moja: kwamba sikuchagua kuwa hivi nilivyo, na kwamba hakuna wa kunibadilisha isipokuwa mimi. Alinifundisha kuitaja hisia kwa jina lake kabla haijavaa nguo za hasira. Alinipima presha na moyo kwanza, maana zoezi lenyewe halimfai kila mtu, ndipo akanifundisha kuzamisha uso kwenye beseni la maji baridi nikibana pumzi, mpaka mapigo ya moyo yashuke. Kwenye mafunzo waliambiwa watumie barafu. "Barafu ya nini," alisema, "na haya maji ya Songea?"

Nilianguka tena. Nilijiumiza, nikaenda kikaoni nimeficha mkono, nikitegemea ama kugombezwa ama kuonewa huruma. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza ilianzia wapi, tukarudi nyuma kidogo kidogo: kabla ya kujiumiza, aibu, kabla ya aibu, simu ambayo mama hakupokea, kabla ya simu, sikuwa nimekula tangu jana. Nikagundua kwamba kazi hiyo naijua. Hivyo ndivyo ninavyofumua nguo ya mtu, narudi mpaka pale mshono ulipoanza kwenda upande. Sikuwa nimewahi kujifumua mwenyewe bila kujichana.

Polepole ile hali ikawa inakuja lakini haikai. Nikirudi Mpitimbi niliweza kumaliza siku nzima. Mama alinichunguza kwa miezi, na shule zilipokaribia kufunguliwa alishuka Majengo na Leti mkononi.

Hapo ndipo nilipofikiri nimefika. Sikuwa nimefika. Leti alikula alichopewa. Alikunja nguo zake mwenyewe. Nikiweka mkasi mezani kwa kishindo kidogo, anaacha kupumua. Nilimwomba msamaha, akasema, "Sawa, mama," kwa sauti ya mtu anayelipa nauli. Mimi nilikuwa nimepona, mtoto alikuwa bado anaugua ugonjwa wangu. Na kwa hilo sikuwa na beseni. Nilimuuliza Skola nifanye nini, akaniambia sina namna ya kumharakisha, niwe yuleyule kila siku mpaka yeye mwenyewe aamini. Nilirudi kwenye kundi la kusubiri, safari hii mbele ya mwanangu.

Ikawa siku moja namjaribisha sketi mpya ya shule. Alitaka kutoka nayo akacheze na Zuhura. Nikamwambia hapana, ni ya Jumatatu. Mteja alikuwepo. Leti aliivua, akaitupa chini, akapiga teke kopo la vifungo, vifungo vikatawanyika mpaka barazani.

"Sitaki! Mama mbaya! Nataka Bibi!"

Shingo yangu ikapata moto. Nikataja kimoyomoyo: hii ni aibu, hii ni hofu, hasira iko nyuma yao inakuja. Nikaweka mkasi taratibu, nikakaa sakafuni, urefu wangu ukawa sawa na wake.

"Umenikasirikia," nikasema.

"Ndiyo!"

"Sana?"

"Sana!"

Halafu akanitazama. Najua alikuwa anamsubiri nani. Mimi pia nilikuwa namsubiri, yule mwanamke wa zamani. Tulimsubiri pamoja. Hakuja. Leti akavuta pumzi, akafungua mdomo wote nikaona mpaka magego, akalia. Alilia kwa sauti ya kuudhi, akipiga visigino chini, bila kunichungulia nimeonaje.

"Mchape huyo!" yule mteja akasema. "Anakuaibisha."

"Mwache," nikasema. "Nilikuwa namngoja."

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama, aliyeninyang'anya mtoto ili anitunzie, na Mama Zuhura, na Skola, ambaye amehamishiwa wilaya nyingine. Siku aliponiaga niliona tayari nimeachwa, na nilimwambia hivyo badala ya kumtukana.

Wapo ambao mafunzo hayajawafikia, na wengine hunipigia simu wakiuliza zamu yao lini. Sijui. Siwezi kuwaponya. Ninachoweza kusema ni kwamba usisubiri peke yako. Kama unataka kufa, mwambie mtu mmoja kwa maneno yaliyonyooka, leo, na umwombe akae hapo mpaka mfike kituoni. Na wewe unayeambiwa, usihubiri. Kaa.

Kuhusu kesho, siwezi kuapa. Leti amenuna tangu asubuhi kwa sababu nimemkatalia soda. Amenipa mgongo, amekunja mikono, na mimi nimemwacha anune mpaka atosheke.